Shikamoo ya Dirishani

Mara ya kwanza mkwe wangu kuniamkia, aliniamkia kupitia dirisha la gari. Hakuzima injini. Hakuvua kofia. Aliegesha mlangoni kwangu, moshi wa gari lake ukaingia moja kwa moja kwenye mashuka niliyokuwa nimeyaanika, akatoa kichwa nje kama mtu anayeuliza njia, akasema, "Shikamoo mama!" Na huyo ndiye aliyekuja kumposa binti yangu.

Nilimtazama. Nikayatazama mashuka. Nikamwambia, "Baba, shikamoo ya dirishani mpe kondakta. Mimi siipokei."

Akacheka, akidhani namtania. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye cherehani yangu nikashona suruali nzima, na zipu nikaitia. Binti yangu akawa anagonga huku analia, "Mama, fungua, unaniaibisha!" Nikamjibu kwamba anayemwaibisha yuko nje na kofia kichwani.

Ndoa ilifungwa, sikuizuia, mimi si mchawi. Lakini sheria niliiweka. Popote atakaponikuta akiwa kwenye gari, kwanza azime, maana mimi sishindani sauti na injini. Ajifungue mikanda yake na makorokoro yake yote, atoke. Aje hatua kumi mbali na gari, maana moshi wake naujua. Avue kilicho kichwani, asimame wima. Hapo ndipo aseme shikamoo, na hapo nitaitika marahaba. Akiruka moja, sijibu. Nakohoa tu.

Majirani walisema mimi mkorofi, na walisema kweli. Lakini mtu hufundishika! Miaka sita baadaye, gari lilikuwa halijasimama sawasawa, yeye yuko nje. Siku moja aliniona nachagua vitunguu kando ya barabara. Yeye yuko kwenye foleni, taa imeshawaka kijani, honi zinalia nyuma yake, watu wanamtukana mpaka babu zake, na yeye amesimama wima mbele yangu, kofia mkononi: "Shikamoo mama." Nikamwitikia. Kisha nikamwambia arudi haraka, anazuia watu.

Sasa, kazi ya huyu bwana ni kupaka nyumba rangi, lakini ugonjwa wake ni mbio za magari. Si zile za kwenye lami zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Hizi ni za vumbi. Nyuma ya kiwanda cha matofali kuna kiwanja cha udongo, na humo magari kumi na mawili, ambayo mtu mwenye akili angeshayauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yanafukuzana kwenye duara mpaka moja lishinde au yote yafe. Milango imechomelewa isifunguke. Viti vimeng'olewa, kimebaki kimoja. Ndani wameweka mabomba ya chuma ili gari likibingirika lisimbane dereva. Dereva anaingia kwa dirishani na kutoka kwa dirishani. Nilipoambiwa hivyo nikasema, aa, basi ndiyo maana.

Huko kiwanjani hawamwiti kwa jina lake. Mwaka wake wa kwanza alishinda mara tatu mfululizo, wakambandika jina la Moto. Akipita, jukwaa zima linasimama, "Moto! Moto! Moto!" na yeye huwapungia mkono dirishani. Hata kwangu likaingia. Nikimkasirikia namwita Bwana Moto, yaani siku nyingi.

Na binti yangu, niliyemfundisha cherehani kwa mikono yangu hii, alitupa sindano akashika spana. Yeye ndiye fundi wa lile gari. Walikutana chini ya injini, wote wawili wamelala chali. Sitasema zaidi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumshonea ovaroli, koti na suruali yake mbali mbali. Hapo sikuleta uhasama, kwa sababu kitambaa hakina kosa. Nimeshona nguo za kazi tangu sijaolewa, za wachomeleaji, za wapishi wa hospitali, za watu wa tanuri pale kwenye matofali. Nikamtafutia kitambaa kile kisichoshika moto, nikakishona tabaka mbili, na uzi wake maalumu, maana ukishona nguo ya moto kwa uzi wa kawaida, mishono huungua kwanza na mtu akabaki na vipande. Siku moja nikamkuta amevaa ndani yake jezi ya nailoni ya timu yake ya mpira. Nikamvua mwenyewe. Nailoni haiungui, baba, inayeyuka, inakuwa ngozi yako ya pili. Jezi ile sasa nafutia cherehani.

Basi mwaka huu viongozi wa mbio wakatoa amri. Dereva akae ndani ya gari, mikanda yote sita imefungwa, helmeti kichwani, wavu wa dirishani umepandishwa. Akiambiwa, azime swichi kuu, aondoe usukani, ajifungue, ashushe wavu, atoke. Sekunde kumi. Anayezidisha hashindani. Ninavyoambiwa, ndani ya gari linalowaka hewa safi haikungoji umalize kutafuta simu.

Wakamleta mkaguzi, mzimamoto mstaafu, mtu mfupi, mkavu, na saa ya kupimia shingoni kama kengele ya mbuzi. Wakambatiza Sekunde. Mkwe wangu alipimwa mara ya kwanza akapata sekunde ishirini na tatu. Mara ya pili, kumi na tisa. Alibakiza mara moja.

Binti yangu alinihadithia akiwa jikoni kwangu, mikono imejaa grisi, anaharibu taulo langu. "Mama, akishindwa Jumamosi, gari naling'oa injini. Mimi sikazi boliti za jeneza." Kisha akaketi chini palepale akalia. Sijamwona akilia hivyo tangu siku ile ya mlango. "Simtaki bingwa," akasema. "Nataka mtu anayerudi nyumbani."

Kumbe suruali ya ovaroli ilikuwa inakwama kwenye wenzo wa gia, mfuko wa pembeni unanasa. Nikautoa mfuko. Kwa kuwa binti alikuwa ameshatangulia kiwanjani, nikaipeleka mwenyewe Jumamosi ile, kwa miguu, na mwavuli wangu wa njano, jua likiwa kali. Sikuwahi kukanyaga pale. Nilikuwa nimeapa.

Nimefika tu pembeni ya kamba, magari mawili yaliyokuwa yakijaribiwa yakapunguza mwendo, yakaanza kutambaa kama yamefiwa. Kijana mmoja wa bendera akanijia mbio. "Mama, funga mwavuli! Njano ni bendera ya hatari! Umewasimamisha!" Nikamwambia jua halina bendera. Lakini nikaufunga, si mtu wa kugombana na kila mtu.

Nikasimama nyuma ya lori la maji, lile la kunyunyizia vumbi, nipate kivuli. Na hapo nikaliona gari la mkwe wangu limesimama katikati, yeye ndani, na Sekunde kando na saa yake. Binti yangu anauma kucha.

"Hii ya majaribio tu," Sekunde akasema. "Inayofuata ndiyo ya kuandikwa. Tayari?" Akapumua. "Moto!"

"Naam?" akaitika mkwe wangu.

Wallahi aliitika. Mtu anaambiwa moto, anaitika naam. Sekunde akapiga paji la uso. "Toka, bwana! Gari linaungua! Toka!" Ndipo akaanza. Akang'oa usukani, akawa nao mkononi, anatafuta pa kuuweka, asiukwaruze. Akauweka kwenye mapaja, ukamzuia kufungua mikanda. Akauhamisha. Akafungua mikanda, akanyanyuka, waya wa redio ukamvuta kichwa, akakaa tena. Swichi kuu hakuikumbuka kabisa. Kichwa kilipotokea dirishani, goti likabaki ndani. Mwisho akaanguka nje kama gunia la viazi.

"Kumi na nane," akasema Sekunde. "Na pampu bado inasukuma petroli, swichi hukuizima. Umekufa, bwana mdogo. Rudi ndani, ufe mara ya mwisho au upone."

Mkwe wangu akarudi ndani taratibu. Nilimwona uso kabla hajavaa helmeti. Alikuwa ameogopa, na hakuogopa kufa, aliogopa kunyang'anywa gari. Nikamwonea huruma, ndiyo, hata mimi ninayo. Nikakumbuka nina suruali yake kwapani, isiyo na mfuko wa kunasa, labda ingemsaidia. Nikatoka nyuma ya lori nikaenda zangu moja kwa moja, nikatokea mbele ya gari, wakati uleule ambao Sekunde alipaza sauti, "Toka!"

Mkwe wangu akaniona.

Jamani. Mkono wa kulia kwenye swichi, tap. Usukani ukaruka huko, hakujali umeangukia wapi. Mikanda ikafunguka kwa pigo moja, waya ukang'oka, wavu ukashuka, na mtu mzima mwenye tumbo lake akatoka dirishani kama sabuni inavyoponyoka mkononi. Akakimbia hatua kumi, akavua helmeti, akasimama wima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikamjibu. "Nimekuletea suruali."

Sekunde aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. "Saba," akasema. "Saba! Tangu nianze kupima sijaona saba!" Kiwanja kikalipuka. Wakambeba juu juu. Binti yangu akanirukia shingoni, machozi na grisi vyote kwenye gauni langu, na mkwe wangu kule juu mabegani mwa watu akapiga kelele, "Mama ameniletea baraka!"

Mimi sikushangilia, nilisimama na suruali yangu mkononi. Kwa sababu watu wote pale walidhani wamemwona dereva akikimbia moto. Mimi peke yangu nilijua amenikimbilia mimi. Huyu hakufaulu. Niliyefaulu ni mimi!

Nilitaka kusema. Nikafungua mdomo mbele ya Sekunde, naye akawa anapiga mhuri kwenye cheti, na binti yangu anacheka kicheko nilichokisikia mara ya mwisho akiwa na meno ya utoto. Nikaufunga mdomo. Kuliko ubaya wangu wote unaoujua mtaa huu, huo wa kunyamaza ndio mkubwa, na hakuna aliyeusema.

Wiki nzima nikashona mishono ya kombo. Mteja mmoja nikampa shati lenye mikono miwili ya kushoto. Siku moja nikamwita mkwe wangu, nikamkalisha kwenye kiti cha jikoni, nikamuuliza, "Nikiwa sipo, utatokaje kwenye lile gari?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, si uliniona? Sekunde saba!" Nikamwambia afanye hapohapo, kwenye kiti, nimpe mgongo. Akasema ana nyumba ya kupaka rangi. Akanywa chai yangu akaondoka.

Basi Jumapili ya mbio nikabeba kigoda changu na mwavuli nikaenda. Binti yangu alidhani nimelainika. Nilikaa kwenye kona ya pili, kwenye kamba, mahali matairi yamerundikwa kuzuia magari, maana niliuliza wapi huwa wanagonga nikaambiwa hapo. Kijana wa bendera akanitazama mwavuli. Nikamwonyesha umefungwa. Akaniambia asante mama kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Sitawadanganya, mbio zenyewe sikuzielewa. Ni kelele na vumbi. Gari likipita unakula udongo, unatema, linakuja lingine. Mzunguko wa kwanza, wa pili, jukwaa linaimba "Moto! Moto!" na yeye anapunga mkono. Mzunguko wa sita, gari la mbele yake likarusha jiwe likaingia chini ya gari lake. Nilisikia mlio wake, ko! Akapepesuka kwenye kona, akazunguka mara moja, mara ya pili, akagonga matairi ya ng'ambo kinyumenyume hapo mbele yangu, hatua kama ishirini. Akasimama. Pua ya gari inanitazama, lakini kati yetu ni ukungu wa vumbi.

Hakuumia. Nilimwona anatikisa kichwa. Kisha akafanya wanachofanya wote. Akaanza kupiga stata arudi mbioni.

"Moto! Moto!" jukwaa likamtia shime. Naye akatoa mkono dirishani, akapunga.

Ndipo nikaona, chini, nyuma ya gurudumu, kitu kinadondoka na kulamba ardhi. Jiwe lilikuwa limetoboa bomba la petroli. Na kila alivyopiga stata, ndivyo pampu ilivyokuwa ikiongeza. Mwali ukachungulia. Ukapanda kwenye bampa. Na watu wakauona.

"MOTO!" jukwaa zima likapiga yowe. "MOTO! MOTO! MOTO!"

Na mkwe wangu, ndani ya helmeti yake, masikio ameyaziba kwa pamba, redio imezimika tangu agonge, akausikia umati unamwita kwa jina lake kuliko siku zote. Akapunga mikono yote miwili.

Mungu wangu. Kuna mtu aliwahi kufa kwa kushangiliwa? Kijana wa bendera alikuwa anaruka kama panzi, anafoka, "Moto! Moto, Moto!" maskini, anamwita jina na kumwonya kwa pamoja, na havitofautiani. Sekunde nilimwona kwa mbali upande wa pili wa kiwanja, anakimbia na mtungi wa kuzimia begani, na nyuma yake binti yangu na mtungi mwingine, mdomo wazi, lakini zile ni mbio za nusu dakika na mtu hana nusu dakika. Sikio la kufa halisikii dawa, nalo hili lilikuwa limezibwa pamba juu yake.

Nikaruka kamba. Kigoda kikanipiga ugoko. Niliogopa mpaka meno, msije mkasema nilikuwa shujaa. Magari mengine bado yalikuwa yanakuja kwenye kona. Nikafungua mwavuli. Njano. Yakapunguza yote, yakatambaa, kama yale ya siku ile, na mimi nikakatiza katikati ya vumbi nikasimama mbele ya pua ya lile gari, nimeacha kama hatua kumi na mbili, mwavuli juu ya kichwa, mkono mwingine kiunoni. Duniani kuna mwavuli mmoja wa namna ile, na mwanamke mmoja wa kusimama chini yake vile. Nikamkazia macho.

Nikakohoa. Najua hakusikia. Nilikohoa tu.

Macho yake yalitoka ndani ya helmeti. Swichi, tap. Usukani ukaruka. Mikanda. Waya. Wavu. Akatoka kichwa kwanza, akaangukia mguu vibaya, akainuka, akaja anachechemea, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, na sidhani kama alizihesabu. Akavua helmeti. Akajinyoosha. Nyuma yake mwali ulikuwa umeshafika kwenye kiti alichokuwa amekalia.

"Shikamoo mama," akasema.

Miaka sita nimeitika salamu ile kama mtu anayelipa ushuru. "Marahaba!" nikamwambia. "Marahaba, marahaba, kimbia, mjinga wewe!"

Nikamshika mkono nikamburuta. Akageuka. "Mama! Gari langu linaungua!"

"Ndicho watu wote wanachokwambia!"

Sekunde akafika, akavuta pini, akapulizia chini kwenye mzizi wa mwali, si juu kwenye ndimi zake, kama mtu anayejua. Binti yangu akapulizia upande wa pili. Unga mweupe ukatufunika wote. Binti yangu akautupa mtungi chini, akamkumbatia mumewe, akampiga kofi, akamkumbatia tena.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hawakuwahi kumjaribu mama mkwe.

Sekunde alinijia juu, amepauka kwa unga. "Wewe mama una wazimu? Nani alikuruhusu kuingia uwanjani?" Akaendelea, na alikuwa na haki. Nilimngoja amalize. Kisha nikamwambia, na safari hii mdomo haukunifunga: "Mzee, huyu hakufaulu mtihani wako. Ulinipima mimi. Nisingesimama pale siku ile, angetoka kwa kumi na nane. Nilijua, nikanyamaza."

Nikawaeleza yote, dirisha, mashuka, hatua kumi. Watu wakacheka, wakaona natia chumvi, mpaka walipomtazama mkwe wangu. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa chini, kifundo cha mguu kinavimba, anakitazama kile kiti kilichobaki vyuma vitupu. Sekunde akatoa cheti mfukoni, akakichana vipande vinne, akampa mkononi.

"Ni sawa," akasema mkwe wangu, sauti ndogo.

Siku ya pili nilikwenda kwao. Nilimkuta sebuleni, mguu umefungwa bandeji, umewekwa juu ya stuli. Aliponiona akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua, uso unamkunjika kwa maumivu, mkono mmoja unapapasa kichwani kutafuta kofia asiyokuwa nayo.

"Kaa," nikamwambia.

Akasita hapo katikati, hajakaa hajasimama. "Mama, nikikaa utakohoa."

"Kaa, sikohoi."

Akakaa taratibu, macho hayabanduki kwangu, kama anangoja mtego ufyatuke. "Shikamoo mama," akasema, ameketi.

"Marahaba, mwanangu."

Jikoni sahani ilivunjika. Binti yangu alikuwa akisikiliza.

Nilimwomba radhi siku hiyo kwa kunyamaza, naye akaniomba radhi kwa mashuka. Ilimchukua miaka sita, lakini mashuka yalikuwa mazuri. Kisha nikatoa kwenye mkoba nilichokuwa nimekishona usiku kucha nisilale, mikanda sita ya turubai yenye vifungo. Nikaifunga kwenye kiti cha jikoni kwao. Nikamwambia mguu ukipona tutaanza, na safari hii nitakaa chumbani, mlango umefungwa.

Miezi miwili. Binti yangu anapiga filimbi, mume anajifungua, mimi chumbani nahesabu kwa sauti kupitia ukuta. Kumi na saba. Kumi na nne. Kumi na tatu, anagombana na kifungo. Kuna jioni alikataa, akasema mikono imemchoka, nikamwambia kupitia mlango kwamba moto hauulizi mikono ya mtu. Kumi na moja. Hapo kwenye kumi na moja akakaa wiki mbili, na mimi kule chumbani nikawa nang'ata shuka.

Siku ya kupimwa, Sekunde alinipokea mwenyewe getini. Akaninyang'anya mwavuli wangu akauweka kwenye gari lake akafunga kwa ufunguo. Akanipeleka nyuma ya lori la maji, hatua mia kutoka kwenye gari, akaniamuru nisichungulie, nisikohoe, nisipumue kwa nguvu. Neno moto ameshaliacha. Siku hizi anapiga filimbi. Nikakaa kwenye tairi la lori, nikashika kichwa.

Filimbi ikalia.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo kuliko namba. Tano. Sita. Hakuna kelele. Nane. Nikasikia kitu kizito kinaanguka chini, kisha nyayo zinakimbia, halafu sauti kavu ya Sekunde.

"Tisa na nusu."

Hawakushangilia mara moja. Baadaye binti yangu aliniambia kwa nini. Mumewe alikuwa amekimbia hatua zake kumi, akavua helmeti, akajinyoosha wima mbele ya rundo la matairi, mahali pasipo na mtu hata mmoja, akainamisha kichwa. Mimi nilichosikia kule nyuma ya lori ni sauti yake tu, imepaa kiwanja kizima, na kicheko cha watu kikiifuata.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba," nikasema. Alikuwa mbali, hakunisikia.